Gari la familia na kazi ya uokoaji: anza na waya, taa za paani zisubiri

Swali: "Nimejiunga na kikundi cha kujitolea cha uokoaji baada ya kumaliza mafunzo ya huduma ya kwanza. Nina gari dogo la familia, steshenwagoni, ambalo pia hupeleka watoto shule. Nataka niliandae ili nikipigiwa simu usiku niondoke mara moja. Nimeorodhesha taa za kumweka za buluu na nyekundu za kufunga juu ya paa, king'ora, redio ya mawasiliano, inveta ya wati 1,000, mtungi wa oksijeni, ubao wa kubebea majeruhi, kamba ya kuvutia magari, mitungi miwili ya kuzimia moto na sanduku kubwa la dawa. Fundi ameshanifungia taa ya kazi kwa nyuma, lakini tangu hapo nimekuta betri imekufa asubuhi zaidi ya mara moja. Rafiki yangu anasema niweke alteneta kubwa. Mke wangu anasema gari litaungua. Nianze na kipi, na pesa yangu niiweke wapi?"

Ndugu yangu, umeuliza mambo matatu kwa pamoja: kwa nini betri inakufa, orodha yako ianzie wapi, na kama gari linalopeleka watoto shule asubuhi linaweza kuwa gari la uokoaji usiku. Hilo la mwisho ndilo zito, kwa sababu ndilo linaloamua mengine. Na kwa mabishano ya hapo nyumbani, mke wako yuko karibu na ukweli kuliko rafiki yako. Alteneta kubwa haitaiponya betri yako, ila waya uliofungwa ovyo unaweza kweli kuliunguza gari.

Gari la mtu anayejitolea lina kazi moja kubwa. Limfikishe mtu aliyefunzwa akiwa mzima na akili yake imetulia, kisha lisimame mahali ambapo halitaleta ajali ya pili. Kila kifaa kipimwe kwa kazi hiyo. Kinachoisaidia kiingie, kinachoihatarisha kibaki nje hata kama ni kizuri na hata kama umeshakilipia.

Tuanze na taa na king'ora, maana ndivyo vilivyotangulia kwenye orodha yako. Watu wengi wanaamini kwamba ukishafunga vimulimuli gari linakuwa la dharura. Kisheria haliwi. Katika nchi nyingi taa nyekundu na za buluu pamoja na king'ora ni za polisi, zimamoto na magari ya wagonjwa, na anayezifunga bila kibali anatenda kosa. Kuna mahali kosa hilo lipo hata kama hajawahi kuziwasha. Kwingine wanaojitolea wamepewa rangi yao, kwa mfano kijani, au wanaruhusiwa taa ya njano ya tahadhari gari likiwa limesimama, au wanapewa ya buluu kwa kibali cha maandishi kinachotaja jina la dereva na namba ya gari. Kwa hiyo kabla hujanunua hata balbu, muulize kiongozi wa kikundi chako kibali kinatoka ofisi gani na kinaruhusu nini hasa. Ukijibiwa kwamba "wote wanafunga tu", hesabu kuwa hujajibiwa.

Hata unapokuwa na kibali, taa inaomba njia, haikupi njia. Dereva aliyefungua muziki na kupandisha vioo hasikii king'ora mpaka umemkaribia sana, na akisikia anaweza kukanyaga breki mbele yako badala ya kukaa pembeni. Piga hesabu ya kile unachokifukuzia. Kilomita 10 kwa mwendo wa 60 kwa saa ni dakika 10. Kwa mwendo wa 80 ni dakika saba na nusu. Umeokoa dakika mbili na nusu, na hapo njia iwe tupu kabisa. Lakini nguvu ambayo breki zinapaswa kuimeza imepanda karibu mara 1.8, kwa kuwa inakua kwa mraba wa mwendo. Unaendesha usiku, umetoka usingizini, moyo unakwenda mbio. Dakika hizo mbili na nusu unaweza kuzipata nyumbani bila hatari yoyote, kwa kuwa na begi tayari mlangoni, mafuta hayapungui nusu tangi, na gari limeegeshwa likiangalia barabarani.

Sasa betri. Betri ya kawaida ya gari imetengenezwa kwa ajili ya kuwasha injini, yaani kutoa mkondo mkubwa sana kwa sekunde chache, kisha ijazwe mara moja na alteneta. Bamba zake za madini ya risasi ni nyembamba na nyingi kwa sababu hiyo. Ukiitumia kama betri ya taa za nyumba, ukawa unaikausha na kuijaza, bamba hizo zinaharibika upesi na betri haishiki tena chaji kama zamani. Ikiwa imetulia saa kadhaa bila kutumika, betri iliyojaa husoma kama volti 12.6 au 12.7. Ikisoma 12.2 imebaki nusu hivi. Chini ya 12 imekaribia kuisha, na kila asubuhi unayoikuta hivyo umeipunguzia maisha.

Alteneta huzalisha umeme injini inapozunguka. Usiku gari likiwa limezimwa, alteneta kubwa na ndogo ni sawasawa, zote hazifanyi kitu. Ndiyo maana nasema ushauri wa rafiki yako hautibu ugonjwa huu. Kinachotakiwa kutafutwa ni nani anayeinywa betri gari likiwa limelala. Gari likishafungwa na vifaa vyake vyote kutulia, kwa kawaida halipaswi kuvuta zaidi ya ampea 0.05 hivi. Kwa siku nzima hiyo ni ampea-saa 1.2, na betri ya ampea-saa 45 inaimudu kwa wiki kadhaa. Lakini kama fundi ameunganisha kitu kinachovuta nusu ampea tu, kwa siku ni ampea-saa 12. Siku mbili, nusu ya betri imekwenda. Na kama ni taa yenyewe ya wati 60 inabaki inawaka bila wewe kuona, inavuta ampea 5, na saa nne au tano zinatosha kuimaliza nusu hiyohiyo.

Kwa hiyo kwanza ipimwe. Fundi wa umeme wa magari anaweka kipimo chake kwenye waya hasi wa betri, anasubiri gari litulie, kisha anachomoa fyuzi mojamoja mpaka mkondo uanguke. Ile fyuzi iliyouangusha ndiyo inayoonyesha mwizi. Kazi hiyo haichukui muda mrefu na gharama yake haifikii hata robo ya alteneta mpya.

Wakati unasubiri fundi, fanya ukaguzi huu mwenyewe mchana, injini imezimwa na imepoa. Fungua boneti. Utafute waya ulioongezwa, ule usiofanana na wa kiwandani, unaoanzia kwenye kichwa chanya cha betri kwenda kwenye taa yako ya nyuma. Ufuate kwa kidole. Kabla hujamaliza urefu wa shubiri moja kutoka kwenye betri, unapaswa kukutana na kishikilia fyuzi. Je, kipo? Endelea mpaka unapoingia ndani ya gari kupitia ukuta wa chuma ulio nyuma ya injini. Pale kwenye tundu pawe na pete ya mpira inayouzuia waya usisuguane na chuma. Je, ipo, au waya umepitishwa kwenye tundu tupu lenye ukingo mkali? Utazame viungo: vimebanwa kwa klipu maalumu na kufunikwa, au nyuzi zimesokotwa kwa vidole na kuzungushiwa utepe? Waya wenyewe umefungwa kwenye bodi kila baada ya kipande, au unaning'inia karibu na ekzosi?

Naliuliza swali la fyuzi kwanza kwa sababu ndipo moto unapoanzia. Watu hudhani fyuzi ipo kwa ajili ya kulinda taa au redio. Inalinda waya. Volti 12 hazitakurusha kwa umeme, na hilo huwafanya watu wazidharau, lakini betri ya gari ikishikanishwa moja kwa moja na bodi inaweza kusukuma mamia ya ampea. Waya mwembamba hugeuka mwekundu kwa sekunde, mpira wake unawaka, na chini ya zulia la gari hakuna atakayeona mpaka moshi utokee. Fyuzi iliyowekwa kule nyuma karibu na taa haisaidii, kwa sababu mita zote za waya kutoka kwenye betri mpaka hapo hazina mlinzi. Basi ikae karibu kabisa na betri, na ukubwa wake uendane na waya. Ukiona inakatika mara kwa mara, usiweke kubwa zaidi. Inakuambia kuna kitu.

Unene wa waya nao una hesabu yake. Waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, mita 5 kwenda na mita 5 kurudi, ukibeba ampea 10 hupoteza takriban volti 0.7 njiani. Taa itafifia kidogo tu, lakini redio ya mawasiliano inaweza kukata sauti pale unapobonyeza kuzungumza. Waya wa milimita za mraba 4 unaupunguza upotevu huo hadi kama volti 0.45. Na njia ya hasi, yaani athi, mahali waya unapounganishwa na bodi, iwe imara vilevile: skrubu iliyokaza kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi, isiwe imeshikizwa juu ya rangi au kutu. Kasoro nyingi za "taa inawaka inazima" huishia hapo.

Ukishayaelewa hayo, inveta ya wati 1,000, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, inajiondoa yenyewe. Wati 1,000 kwa volti 12 ni zaidi ya ampea 83, na ukijumlisha unaopotea kama joto unakaribia 95. Alteneta za magari mengi madogo hutoa kati ya ampea 70 na 100 injini ikizunguka kasi, na injini ikiwa sailensa, yaani ikizunguka polepole gari limesimama, hutoa pungufu sana. Maana yake ni kwamba kifaa kimoja kitadai umeme wote wa gari, kwa nyaya nene kama kidole, ili uchaji nini? Simu, redio ya mkononi na taa ya kichwa vyote vinachajiwa kwa tundu la USB. Iondoe.

Kama kikundi chako kinakesha kwenye matukio kwa saa nyingi na unahitaji umeme injini ikiwa imezimwa, zipo njia tatu za heshima. Ya kwanza ni kuviunganisha vifaa kupitia rilei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, inayokata umeme unapotoa ufunguo, hivyo hakuna kinachoweza kuinywa betri usiku. Ni rahisi, ila ukizima gari na taa zinazima. Ya pili ni betri ya pili ya kina, yaani iliyotengenezwa kuvumilia kukaushwa na kujazwa, iliyotenganishwa na ile ya kuwashia gari kwa kifaa cha kuchaji kutoka alteneta. Inafanya kazi vizuri sana, lakini ni ghali, ina uzito, na inataka fundi anayejua anachofanya. Ya tatu ni kisanduku cha umeme cha kubebeka chenye betri ya lithiamu ya aina ya fosfeti ya chuma, unachokichaji nyumbani na kukiweka kwenye gari unapoitwa. Hakigusi waya hata mmoja wa gari. Kwa gari la familia mimi ningechukua ya kwanza kwa ajili ya taa ya kazi uliyonayo na ya tatu kwa mengine yote. Kisanduku hicho usikiache garini juani. Kirudi ndani na wewe.

Kwa redio, anza na ya mkononi ya wati 5 iliyoidhinishwa na kikundi. Bodi ya chuma huyazuia mawimbi, kwa hiyo ukizungumza ukiwa ndani ya gari utasikika vibaya hata kama kituo hakiko mbali. Antena ndogo ya sumaku katikati ya paa, yenye urefu wa kama nusu mita kwa masafa ya megahezi 150, itakusaidia kuliko redio kubwa yenye antena mbaya. Redio ya kufunga garini ya wati 50 huvuta ampea 10 au zaidi kila unapozungumza, na inataka waya wake wenyewe wenye fyuzi. Zote mbili zinahitaji leseni au ziwe chini ya leseni ya kikundi. Popote utakapoifunga, isikae mbele ya mifuko ya hewa wala kwenye nguzo za pembeni inamochomokea. Mifuko hiyo hufunguka ndani ya takriban sehemu 30 hadi 40 za elfu ya sekunde, na kitu chochote kilicho mbele yake hugeuka kombora linaloelekea usoni.

Hapa ndipo nataka usimame kidogo, kwa sababu una watoto wanaokaa kiti cha nyuma. Buti la steshenwagoni halina ukuta. Kilichomo humo na vichwa vya watoto vimetenganishwa na mgongo wa kiti tu, na wakati mwingine kiko juu kuliko mgongo huo. Gari likigonga kitu kwa mwendo wa 50 kwa saa, kila kilicho huru ndani yake kinaendelea mbele kwa mwendo huohuo wa 50. Ni mwendo ambao kitu kinaupata kikidondoshwa kutoka juu mita 10 hivi. Sasa fikiria mtungi wa kuzimia moto wenye uzito wa kilo 10 kwa ujumla, ukidondoka kutoka mita 10. Mtungi wa oksijeni ni hivyohivyo, na una hatari yake nyingine juu ya hiyo. Mikanda ya mizigo ifungwe kwenye pete za chuma zilizopo sakafuni mwa buti. Usiifunge kwenye plastiki, wala usitegemee kamba za mpira za kunyumbuka, maana hizo huvutika tu. Vizito vikae chini na vishikane na mgongo wa kiti. Juu weka wavu wa kutenganisha buti na abiria. Na jambo bora zaidi ni kwamba vifaa vya uokoaji visiwemo kabisa kwenye gari watoto wanapokwenda shule. Vikiwa kwenye mabegi mawili, kuvipakia ni kazi ya dakika moja.

Uzito nao una mwisho wake. Kwenye nguzo ya mlango wa dereva au kwenye kitabu cha gari kuna namba ya uzito wa juu unaoruhusiwa. Magari mengi madogo yanabeba kilo 400 hadi 500 tu, watu wakiwemo. Watu watano wa kilo 75 wameshachukua 375. Paa lina kikomo chake, mara nyingi kati ya kilo 50 na 75 kwa magari ya aina hiyo, na keria yenyewe inahesabiwa humo. Gari lililolemewa nyuma huinua taa za mbele zikawapofusha wanaokuja, linachelewa kusimama, na linapepesuka kwenye kona. Utakapopakia, pandisha upepo wa matairi kulingana na kibandiko cha gari. Yatazame na umri: ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne za mwisho wa namba ndefu, mbili za wiki na mbili za mwaka. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la zamani linaweza kuwa na meno mazuri na mpira umeshakauka.

Kuhusu oksijeni, ushauri wangu ni uiache. Ni dawa, inahitaji mtu aliyefunzwa kuitoa, na kwa mafunzo ya huduma ya kwanza uliyonayo pengine bado hujaruhusiwa. Mtungi uliojaa una mgandamizo wa bar 137 hadi 200, kutegemea aina. Ukivuja ndani ya gari lililofungwa, viti na nguo hujaa oksijeni na cheche ndogo inatosha kuwasha kitu ambacho kwa kawaida kisingeshika moto. Grisi au mafuta kidogo kwenye valvu yake yanaweza kulipuka. Gari la kikundi lenye kishikio chake maalumu na hewa inayopita ndipo mahali pake.

Ubao wa majeruhi una urefu wa zaidi ya mita 1.8. Ukiingia kwenye gari lako, utaingia kwa kupita katikati ya viti mpaka karibu na dashibodi, na hautakuwa umefungwa. Halafu kuna swali la nyuma yake: unataka umpakie majeruhi umpeleke wapi? Ukimpakia mtu aliyeumia mgongo kwenye gari dogo, humwoni, huwezi kumbana jeraha, huwezi kusukuma kifua huku unaendesha. Nafahamu kuna usiku ambapo gari la wagonjwa haliji kabisa na gari binafsi ndilo lililopo. Uamuzi huo ufanywe na anayeratibu tukio, kwa simu na hospitali inayowasubiri, na awepo mtu wa pili wa kumhudumia nyuma. Usiwe mpango wako wa kwanza uliouandalia gari.

Sanduku kubwa la dawa ligeuze kuwa begi moja la kubeba begani. Liwe na glavu nyingi za saizi yako, shashi na pedi za kufyonza damu, bendeji za kubana, bendeji za pembetatu, mkanda maalumu wa kubana mkono au mguu unaomwaga damu, mkasi wa kukatia nguo, kifuniko cha mdomo chenye valvu kwa kupumulia, blanketi la karatasi ya kung'aa, daftari, kalamu na saa. Kila kitu kiwe kile ulichofundishwa kukitumia na ulichokigusa mwezi huu. Dawa zenyewe usiziweke. Gari lililoegeshwa juani linaweza kufika nyuzi 60 za Selsiasi ndani, na dawa nyingi zimeandikwa zihifadhiwe chini ya 25 au 30. Hata mashine ya kushtua moyo kwa kawaida haitakiwi kuzidi 50. Glavu hukakamaa na kupasuka, gundi ya plasta inayeyuka. Ndiyo sababu begi likae ndani ya nyumba.

Weka pia mifuko miwili imara ya vitu vilivyochafuka na kisanduku kigumu cha sindano na vyembe. Damu ikimwagika kwenye sakafu ya gari, ifute kwanza kwa kitambaa cha kufyonza ukiwa na glavu, kisha tumia klorini ya asilimia 0.5 iliyochanganywa siku hiyohiyo, iache dakika 10, halafu safisha. Mikeka ya mpira sakafuni inarahisisha kazi hii sana kuliko zulia.

Mtungi wa moto, mmoja wa unga wa kilo 2, karibu na dereva, umefungwa kwenye kishikio cha chuma. Unga wake unaisha kwa sekunde 10 hivi. Unatosha kwa moto unaoanza chini ya boneti na hautoshi kwa gari linalowaka, hivyo wa pili hauongezi mengi. Moto wa betri ya gari la umeme usiusogelee. Unaweza kuwaka upya saa kadhaa baada ya kuzimwa. Kamba ya kuvutia iache mpaka ufundishwe, kwa maana kamba ikikatika au ndoano ikichomoka inaua aliyesimama kwenye mstari wake, na kamwe usiifunge kwenye kichwa cha mviringo cha kuvutia trela.

Kilichokosekana kwenye orodha yako ni vya bei ndogo, na ndivyo ningevitanguliza. Reflekta ya kuvaa, ya mikono au ya kifua, unayoivaa kabla hujashuka. Taa ya kichwa, ili mikono yako ibaki huru. Pembetatu za tahadhari zaidi ya zile mbili za gari, kwa sababu kwenye barabara ya mwendo kasi ya kwanza inatakiwa kuwa mita 100 au zaidi kabla ya tukio. Kofia ngumu na viatu vilivyofunika. Waokoaji wengi wanaoumia barabarani hugongwa na magari yanayopita, wakiwa wameinama juu ya majeruhi.

Namna ya kuegesha ni sehemu ya vifaa vyako. Kama polisi au zimamoto hawajafika, simama kabla ya tukio, uache nafasi ya kutosha, magurudumu ya mbele yakielekea nje ya eneo mnalofanyia kazi, ili gari likigongwa kutoka nyuma lisisukumwe juu yenu. Washa hazadi, zima taa kubwa zisiwapofushe wanaokuja. Wakishafika wenye vyombo vikubwa, sogeza gari lako mbali. Linaziba njia ya gari la wagonjwa. Ukikuta lori la tangi lenye kibao cha rangi ya machungwa, soma namba ukiwa mbali. Ikiwa juu ni 33 na chini ni 1203, ni petroli. Simama upande upepo unakotoka na sehemu iliyo juu, ita zimamoto, wazuie watu wasisogee na madumu. Usishuke kwenda kuokoa mpaka uambiwe ni salama.

Pesa yako, basi, iende hivi. Kwanza breki, matairi, betri yenye afya na marekebisho ya waya huo wa taa ya nyuma. Pili barua ya kikundi na bima. Bima inafanywa kizembe sana na watu wa kujitolea: mikataba mingi ya bima ya gari binafsi haielezi kwenda kwenye dharura, na kifaa kilichofungwa bila kutajwa kinaweza kuwa sababu ya kukataliwa madai. Waandikie, upate jibu la maandishi. Tatu reflekta, taa ya kichwa, pembetatu na begi. Nne mikanda na wavu wa buti. Tano redio ya mkononi na antena. Vimulimuli, kama kibali kipo na rangi imetajwa, viwe vya mwisho na viwe vya sumaku, vinavyotoka ukimaliza kazi.

Usisubiri jibu la mtu wa mbali kama mimi ukisikia harufu ya mpira unaoungua, ukigusa waya ukaukuta una joto, ukiona fyuzi inakatika tena baada ya kubadilishwa, au betri ikivimba. Toa waya hasi kwenye betri, usilitumie gari, na umpeleke fundi wa umeme wa magari lilipo gari. Taa ya mfuko wa hewa ikiwaka kwenye dashibodi baada ya mtu kufunga kitu, nayo ni safari ya fundi kabla ya safari ya shule. Kikomo cha uzito kikikuchanganya, kapime gari likiwa limepakiwa kamili kwenye mizani ya barabarani. Na siku ukichomwa na sindano au damu ya mtu ikakuingia jichoni au kwenye kidonda, osha mara moja kwa maji mengi na uende kituo cha afya saa hiyohiyo. Dawa za kuzuia VVU zinafaa zaidi zikianza ndani ya saa chache, na hazianzishwi baada ya saa 72.